Bwana Nyoka wa Newala, mtu aliyeitika alipoitwa

Ndugu msomaji, mwaka huu nilikuwa Matungu, upande wa Kakamega, nyumbani kwa mpwa wangu aliyeolewa huko. Sisi watu wa pwani tukisikia Kakamega hudhani tumetajiwa nchi ya mbali isiyotuhusu. Lakini Matungu ni jirani na Mumias, na Mumias ni mji ambao babu zetu waliujua kabla ya gari la moshi. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipiga kambi kwa Nabongo Mumia, ikaacha huko dini na misikiti, na watu wavaao kanzu na buibui mpaka leo. Nilikwenda kwa akika ya mjukuu, nikakaa siku 10, na katika siku hizo nikarudishwa kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilikimbia tangu utotoni.

Matungu ni nchi ya miwa. Tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, miwa ilisogea ikafika mpaka nyuma ya majiko ya watu. Na penye miwa pana panya, na penye panya hapakosi mwenye kuwafuata. Usiku wa tano, baada ya sala ya isha, mtoto mwanamume wa mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 8, alitumwa jikoni kuleta kuni. Jiko lao ni kibanda cha udongo kando ya nyumba, na kuku hulalia mayai yao humo humo, hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Tukasikia ukelele mmoja, kisha kimya. Tulipofika tulimkuta mtoto ameyashika macho kwa mikono miwili. Mbele ya kiota cha kuku alikuwa swila, mweusi, nusu ya mwili ameinua na shingo ameitanua. Alikuwa amekwisha kutema.

Mkwewe mpwa wangu, yaani bibi yake yule mtoto, hakupiga kelele. Alimvuta mjukuu wake nje, akamlaza chini ya taa, akamfungua macho kwa vidole na kuyamiminia maji ya mtungi, kata baada ya kata, muda wa robo saa nzima. Hakutia dawa wala majani. Wanaume wakaingia na majembe. Nyoka akauawa, akachomwa moto, na nusu ya ukuta wa jiko ikaanguka katika vita hivyo. Alfajiri mtoto alipelekwa hospitali, akarudi na dawa ya macho, na alhamdulillahi anaona kama mimi na wewe.

Usiku ule hapana aliyelala. Mzee wa nyumba, ambaye kitabu anakijua, alitukumbusha hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, juu ya kijana aliyekuwa bwana harusi mpya siku za handaki. Alirudi nyumbani akamkuta nyoka amejizungusha kitandani, akamchoma kwa mkuki, na haikujulikana nani alitangulia kufa, nyoka au kijana. Kisha mtoto, naye amefungwa kitambaa machoni, akauliza swali. Nyumba ikiungua, akasema, huitwa watu wa zimamoto; ng'ombe akiugua huitwa daktari wa mifugo; basi nyoka akiingia nyumbani huitwa nani?

Hapana aliyemjibu. Mimi nilimjua mtu mmoja ambaye alikuwa akiitwa, lakini mtu huyo alifariki mwaka 1968, kabla sijazaliwa, na alikaa mbali sana na Matungu. Kwa kuwa mtoto alikuwa hawezi kulala, nilimsimulia habari zake. Leo nawasimulia nanyi, wasomaji wangu, lakini nitatia na yale ambayo mtoto sikumwambia.

Jina lake lilikuwa Constantine John Philip Ionides. Watu wa kusini mwa Tanganyika waliona jina hilo ni mzigo, wakampa lao, wakamwita Bwana Nyoka. Nilisikia habari zake mara ya kwanza barazani Lindi, kwa wazee waliokuwa wakingoja sala ya alasiri, na baadaye nikatafuta vitabu nikasoma.

Alizaliwa Uingereza mwezi wa Januari 1901, katika ukoo wenye asili ya Kigiriki. Alisomeshwa Rugby, shule ya watoto wa wakubwa. Katika shule hiyo hiyo alikuwa amesoma zamani Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuja kupigwa risasi akafa kusini mwa Tanganyika mwezi wa Januari 1917, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani. Kijana Ionides alivipenda vitabu vya Selous, na wenzake walipokuwa wakiwaza vyeo na mirathi, yeye alikuwa akiwaza mwitu. Nyoka aliwapenda tangu udogo.

Alipomaliza shule aliingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akatoka ofisa, akapelekwa Bara Hindi. Huko hakutulia. Katikati ya miaka ya 1920 akapata nafasi ya kuja Tanganyika katika jeshi la KAR, na alipokanyaga nchi hii hakutaka tena nyingine. Aliacha jeshi, akawa mwindaji wa pembe. Na hapa nisimpambe marehemu kwa uwongo: aliwinda tembo kwa wizi, bila ya kibali, na hakulificha jambo hilo alipokuja kusimulia maisha yake. Kisha mwaka 1933 serikali ya kikoloni ikamwajiri awe askari wa wanyama. Basi mwizi akakabidhiwa ufunguo wa ghala. Lakini mwizi huyu alilinda, kwa kuwa alizijua njia zote ambazo wezi hupitia.

Kituo chake kilikuwa Liwale. Kazi yake ilikuwa kuzuia tembo wasimalize mashamba ya watu, na kuwawinda simba waliokwisha kuonja nyama ya binadamu. Alitembea kwa miguu mwituni miezi mizima, na wapagazi wachache, na kofia kuukuu ambayo haikumwacha. Vita vya pili vya dunia vilipozuka alirejea jeshini, kisha akarudi kwenye pori lake. Pori hilo lilikuwa limepewa jina la Selous tangu mwaka 1922, na Ionides, pamoja na wenzake katika serikali, alilikuza mpaka likawa miongoni mwa mapori makubwa ya hifadhi duniani. Baada ya yeye kufa liliendelea kupanuliwa likafikia kilomita za mraba 50,000 hivi. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa hifadhi ya taifa, ikapewa jina la Mwalimu Nyerere.

Sasa msomaji ataniuliza, pori hukuaje? Hukua kwa watu kuondoka. Miaka ya 1940 maelfu ya watu wa upande wa Liwale, wengi wao Wangindo, na wengi wao Waislamu kama sisi, walihamishwa kutoka vijiji vyao. Serikali ilisema ni kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na ni kweli malale yalikuwapo. Lakini Ionides mwenyewe alitaka tembo wapate nchi yao bila ya kugombana na wakulima, na alikuwa na mkono katika kazi ile. Watu waliacha miembe yao, makaburi ya wazee wao na misikiti yao, na miti ikaota juu ya yote. Kwa hiyo mtu ambaye nitamsifu hivi punde kwa kuingia nyumba za watu na kuwatoa nyoka, ndiye yeye yule aliyesaidia kuwatoa watu katika nyumba zao. Haya mawili yote ni ya kweli, na mwandishi wa habari za marehemu hana ruhusa ya kuchagua moja akaliacha jingine.

Akiwa Liwale ndipo mapenzi yake ya nyoka yalipogeuka kuwa kazi. Aliwakamata, akawahifadhi, akawapeleka kwa mabingwa wa makumbusho, na miongoni mwa viumbe alivyopeleka vilikuwamo ambavyo elimu ilikuwa haijavijua. Mwaka 1950 kiumbe mmoja kutoka Liwale, anayekaa chini ya ardhi na kufanana na nyungunyungu ilhali ni wa jamaa ya mijusi, alipewa jina la kitaalamu lenye Ionides ndani yake. Yuko na nyoka pia aliyeitwa kwa jina hilo.

Katikati ya miaka ya 1950 alistaafu. Wenziwe wa umri wake walirudi Ulaya kwenda kuota moto na kusubiri pensheni. Yeye alipanda mlima akaenda kukaa Newala, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Hakuoa wala hakupata mtoto. Alikaa na watumishi wake, vitabu vyake, na masanduku ya nyoka waliokuwa wakingoja safari.

Kwa nini Newala? Kwa sababu Newala ni nchi ya miembe na mikorosho, na miti hiyo ni makao ya nyoka wa kijani ambaye wataalamu humwita mamba. Msomaji asidhani ni yule mamba wa mtoni. Jina limefanana tu, na hili lina asili ya kusini mwa Afrika. Huyu ni nyoka mwembamba, rangi yake kama jani changa la mgomba, na hukaa juu ya mti hashuki ila kwa haja. Sisi huku Mombasa, Kilifi na Malindi tunaye pia, katika miembe na mikorosho yetu, na mara nyingi tumepita chini yake bila ya kujua. Si mgomvi. Akisikia watu hujificha. Lakini sumu yake hushika pumzi, na mtu aliyeumwa naye asipowahi tiba huweza kufa akiwa na akili zake timamu, kifua tu ndicho kimekataa kuinuka.

Basi ilikuwa hivi. Mtu akiona nyoka mwembeni kwake, au darini, au katika ghala la mtama, hakuanza kwa panga. Aliacha mtu wa kumwangalia asipotee, akampeleka mwingine mbio kwa Bwana Nyoka. Ionides akatoa zawadi ya fedha kwa aliyeleta habari, akachukua vyombo vyake akaenda. Kwa mamba wa kijani alitumia mti mrefu wenye koleo nchani, kitu kama upondo uliotiwa mkono wa kushikia. Vijana walipanda mtini, wengine wakazunguka chini, na yeye akaangalia jani lipi si jani. Akimbana, alimteremsha taratibu, akamshika nyuma ya kichwa, akamtia mfukoni na kufunga. Kwa namna hiyo, mwembe kwa mwembe na nyumba kwa nyumba, aliwakamata maelfu ya nyoka katika maisha yake.

Nyoka wengine hakuwahitajia koleo. Yuko moma mkubwa wa misituni, mnene kama paja la mtoto, ngozi yake imepambwa kama mkeka wa kizungu, na meno yake ya sumu ni marefu kuliko ya nyoka yeyote duniani, hufika sentimita 5. Ukimwona utadhani ni Izraili mwenyewe amelala juu ya majani. Ionides aliona kwa uzoefu kwamba nyoka huyu ni mpole kupita kiasi. Alimgusa kichwani kidogo kwa fimbo, na akiona hakukasirika, alimshika nyuma ya kichwa kwa mkono mmoja na kumbeba kwa mwingine, kama mtu anavyonyanyua mtoto aliyesinzia. Wanaume waliomtazama walidhani ana uchawi. Hakuwa nao. Alikuwa amekaa miaka mingi akimtazama nyoka huyo mpaka akajua nini humghadhibisha na nini hakimghadhibishi.

Wala asidhani mtu kwamba hakuumwa. Aliumwa, tena si mara moja wala mbili, na mikono yake ilibeba alama zake. Katika hayo kuna somo. Mtu aliyewajua nyoka kuliko sote hakujidanganya kwamba ujuzi ni hirizi. Alijua kwamba siku moja mkono hukosea, na alipokosea alilipa.

Nyoka aliowakamata hawakuwa wa kuchezea. Walipelekwa kwenye makumbusho na bustani za wanyama, na kwa watafiti wanaochunguza sumu. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa sumu yenyewe. Nyoka hukamuliwa sumu, farasi au mnyama mwingine hupigwa sindano ya sumu hiyo kidogo kidogo mpaka mwili wake ujizoeze kupigana nayo, kisha damu yake huchukuliwa na kusafishwa, na yale yaliyomo ndiyo hutiwa katika mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo bila ya mtu wa kumkamata nyoka akiwa hai, hapana dawa. Nyoka aliyepondwa kichwa kwa jembe hafundishi mtu kitu wala haponyi mtu.

Habari zake zilienea. Bibi mmoja mwandishi wa Kiingereza, Margaret Lane, alikwenda Newala akakaa karibu naye na kuandika kitabu, kikatoka mwaka 1963. Naye Ionides akasimulia maisha yake katika kitabu chake mwenyewe mwaka 1965. Waliomjua walisema alikuwa mtu wa tabia ngumu, hana adabu za sebuleni, mavazi yake hayatamaniki, sigara haimtoki mdomoni. Wanyama aliwaua wengi mno, tembo kwa risasi, na wengine wa nadra aliwafuata nchi mpaka nchi ili wawekwe makumbusho. Hakuwa walii. Lakini alipoitwa aliitika, na watu wa Newala walimhesabu kwa hilo.

Mwisho wake haukutokana na nyoka, ingawa kila mtu alikuwa akitazamia hivyo. Miguu iliyomchukua mwituni kwa miaka yote ile ndiyo iliyoshikwa na maradhi. Alifariki Nairobi mwezi wa Septemba 1968, akiwa na umri wa miaka 67, na akazikwa kama alivyotaka katika pori lake, kwenye mlima Nandanga. Mtu aliyewahamisha wenyeji sasa amelala katika nchi yao, na tembo hupita juu.

Hapo ndipo nilipomalizia kwa mtoto wa Matungu, maana alikuwa amekwisha sinzia. Yaliyobaki niliyasema peke yangu kibarazani, nikitazama miwa gizani.

Mwaka 1978 nilikuwa na umri wa miaka 9. Tulikuwa shamba la babu, bara ya Lamu, msimu wa kuangua nazi. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka 6. Aliingiza mkono katika rundo la makuti, na moma mdogo aliyekuwa amelala humo akamwuma kidoleni. Mkono ulivimba mpaka begani kabla ya adhuhuri. Barabara haikuwa mbali, na kila siku alasiri lipitapo jua la mnazi mrefu lilipita lori la mizigo, nalo lingeweza kumfikisha hospitali kabla ya usiku. Lakini wazee walikuwa na yakini na jiwe la nyoka, lile jeusi linalogandishwa juu ya jeraha, wasemalo linanyonya sumu. Mwenye jiwe alikaa kijiji cha pili. Mimi ndiye niliyetumwa kumwita, kwa sababu nilikuwa na mbio. Nilikimbia, msomaji, na nilijiona mwanamume. Njiani nilikutana na lile lori, nikalipisha.

Jiwe liliganda siku mbili. Siku ya tatu tulimzika. Hakuna aliyelaumiwa, kwa kuwa ajali haina kinga na muda ukifika haurudi nyuma. Imani hiyo ninayo mpaka leo. Lakini nimesoma pia, na nikajua kwamba jiwe lile aghalabu ni kipande cha mfupa uliochomwa, linaganda kwa sababu lina vitundu vya kunyonya majimaji, na sumu iliyokwisha kuingia katika damu haliigusi. Tangu hapo sijapenda kuandika juu ya nyoka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeshtuka kwa ung'ongo maisha yangu yote.

Lililonibadilisha ni swali la mtoto: huitwa nani? Mimi mwaka 1978 nilijua wa kumwita, na nilimwita asiyekuwa yeye. Ujinga wetu haukuwa uvivu wala ukosefu wa mapenzi. Tulimpenda mtoto wetu na tulikimbia kwa ajili yake. Tulikosa kujua ni wapi pa kukimbilia.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliingiza jambo hili katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Wanaokufa ni watu wa shamba, wenye majiko kama lile la Matungu na makuti kama yale ya babu yangu. Wanaohesabiwa ni wachache kuliko wanaozikwa, kwa kuwa wengi hawafiki hospitali.

Huku kwetu pwani haturudii mwanzo kabisa. Mwaka 1980 James Ashe na mkewe Sanda walianzisha Watamu kituo cha nyoka kiitwacho Bio-Ken, na watu wa kituo hicho wamekuwa wakiitwa majumbani kuwatoa nyoka na kuwafundisha wananchi. Kwa hiyo mwenye nyumba ya Watamu akiulizwa na mwanawe swali la Matungu, anayo jibu. Mwenye nyumba ya Matungu hakuwa nalo, ingawa jirani yake ni msitu wa Kakamega, kipande cha misitu ya Kongo kilichobaki upande wetu, chenye nyoka ambao sehemu nyingine za Kenya hawaonekani.

Madrasa tulifundishwa jambo liitwalo fardhi kifaya. Maiti akiwa mjini, wakijitokeza watu wa kumwosha, kumsalia na kumzika, mji mzima umesalimika. Wasipojitokeza, dhambi ni ya mji mzima. Mimi si mufti, na hili si fatwa. Lakini tangu Matungu najiuliza: ikiwa kumzika aliyeumwa na nyoka ni fardhi ya mji, mbona kumwokoa kabla hajazikwa tumekuacha kuwe bahati yake mwenyewe? Katika kila mtaa na kila kijiji hapana budi awepo mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, anayejua nyoka yupi ni yupi, hospitali ipi ina dawa, na gari la nani litaamshwa usiku. Si lazima awe Bwana Nyoka. Koleo na mamba wa kijani tuwaachie wenye kazi yao.

Na kwa kila nyumba, machache haya yatosha. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba, kiungo kisichezeshwe, na apelekwe hospitali saa ile ile. Asichanjwe kwa wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukata damu. Nyoka asifuatwe ili apelekwe naye, maana ataumwa mtu wa pili. Aliyetemewa mate machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kama yule bibi alivyofanya. Dua isomwe, nani aliyeikataza? Sahaba aliisoma Fatiha juu ya aliyeumwa akapona. Lakini isomwe ndani ya gari likiwa linakwenda. Tulifundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.

Siku niliyoondoka Matungu niliwakuta wakilijenga upya jiko. Viota vya kuku vilikuwa vimehamishiwa mbali, na kuni zimepangwa juu ya kichanja, si chini. Mtoto alikuwa ameandika kwa mkaa, juu ya mlango wa jiko, namba ya simu. Niliuliza ni ya nani. Bibi yake akanijibu kwamba ni ya kijana mmoja mwenye pikipiki, amekubali kuitwa saa yoyote, na amekwisha kwenda mwenyewe hospitali kuuliza kama dawa ipo.

Nilisimama nikaisoma namba ile tarakimu moja moja. Kisha nikamwomba mtoto aniandikie na mimi kwenye karatasi, nami ninayo mpaka leo katika mfuko wa kanzu, ingawa nyumba yangu iko mbali na Matungu na kijana yule hawezi kunifikia.